Hadithi ya bibi wa Kiaborijini kuipeleka jukwaani, naanzia wapi?

Mwana_Melb: Habari zenu wapendwa. Mi niko Melbourne mwaka wa tano sasa nafanya kazi nyumba ya wazee, kuna bibi mmoja Muaborijini, yaani wenyeji wa asili wa hapa Australia, mi ndo namwogeshaga asubuhi na maji yakianza tu kutiririka anaanza kusimulia, enzi za utoto wake serikali ilikuwa inawachukua watoto machotara inawapeleka kwenye mabweni na majumbani kwa wazungu, basi mamake akisikia gari ya polisi anamsugua mkaa uso, mikono, mpaka nyuma ya masikio ili aonekane mweusi zaidi. Siku waliyomchukua alikuwa mtoni anaoga. Kanisani kwetu tuna vijana wanaigiza vizuri sana, natamani waicheze hii. Inaruhusiwa? Naanzia wapi?

kaka_wa_Perth: Dada anza na bibi mwenyewe, vijana baadaye. Kwa Waaborijini hadithi ina wenyewe, mtu anaweza kuijua yote na bado hana ruhusa ya kuisimulia. Na samahani kukwambia ila hata hapa umeshaisimulia, yeye anajua? Tafuta habari za Ngapartji Ngapartji, mradi wa maigizo wa kundi la sanaa la Big hART ulioanza 2005, mwigizaji Trevor Jamieson alisimama akaeleza ya familia yake, Waaborijini wa Spinifex waliotolewa jangwani Waingereza walipokuwa wanajaribu mabomu ya nyuklia huko Maralinga, Australia Kusini, miaka ya 1950, na kina mama watu wazima wa Kipitjantjatjara walikuwa jukwaani hapohapo wanaimba kwa lugha yao. Jina lenyewe ni kama kusema nipe nikupe. Sasa we bibi unampa nini?

Zainab K: Naunga mkono. Halafu hapohapo Melbourne mnao Ilbijerri, wako tangu 1990, ni kundi la maigizo la Waaborijini wenyewe, nendeni mkaulize. Wao waliwahi kuchukua kumbukumbu za uchunguzi wa 1881 kuhusu Coranderrk, makazi ya Waaborijini karibu na Melbourne, wazee walivyopigania wasiondolewe kwenye ardhi waliyoilima kwa mikono yao, wakayaweka maneno ya ushahidi jukwaani. Mi hiyo ndo naipenda kuliko zote maana mzee anaongea kama alivyoongea, hakuna wa kumrembeshea. Kingine, kuna jamii nyingi hawataji jina la marehemu hovyo, ndo maana kabla ya onyesho hutolewa tahadhari, kwa hiyo jina la mamake msiliguse mpaka yeye na ndugu zake waseme. Na muite Shangazi kama anapenda, huku wazee wao wanawaita Shangazi na Mjomba.

Mwana_Melb: Kaka umenigusa, kweli sikumuuliza na nimejisikia vibaya usiku kucha. Leo nimemwogesha kimyakimya, nikamfunga taulo, nikamwomba radhi, nikamwambia nimeiandika kwa watu wangu bila jina lako, ukitaka ifutwe naomba ifutwe leoleo. Akauliza watu wako ni kina nani, nikamweleza. Akakaa muda. Akasema hapa iache, ila vijana wa kanisani hapana, huo mkaa hataki mtoto wa mtu mwingine ajipake. Anaye mjukuu wa kike anakuja Jumapili, anataka aniulize mimi maswali kwanza, na kama wakikubaliana basi atakaa yeye mwenyewe kwenye kiti asimulie, vijana wetu wawe wanaimba nyuma. Kaniuliza nyimbo zetu za kubembelezea watoto zikoje, nimemwimbia moja.

kaka_wa_Perth: Jumapili ikipita turudie utuambie, na mjukuu mpe nafasi ya kukataa.