"Rent", "hire" au "let": tangazo la nyumba niandike lipi?

DalaliMnyoofu
Wakuu, habari za mchana. Kuna mama amenipa nyumba yake Mikocheni, ya ghorofa moja. Chini anaishi mwenyewe, juu ndiko anakopangisha. Anataka wageni, wale wa mashirika wanaolipa kwa mwaka, kwa hiyo tangazo lazima liwe la Kiingereza. Mwenzangu wa kazi ananiambia andika "house for hire". Mimi moyo unanituma "for rent". Mwenye nyumba naye aliwahi kukaa Uingereza, anasema kule mabango ni "to let". Nyumba moja, watu watatu, kila mtu na lake.

Halafu uani kuna mwembe mkubwa, gari linalala kivulini. Hiyo ni "shade" au "shadow"? Kule juu nikuite "first floor"? Na "homely" inafaa kusifia nyumba? Naomba anayejua kweli.

MpangajiSugu
Leo dalali anatafuta ukweli, kesho mvua ya mawe! Andika "for rent" mkuu, utaeleweka, uwahi udalali wako wa mwezi mmoja.

MamaStesheneri
Mwanangu dalali, mimi nachapa mikataba hapa Mwenge tangu enzi za taipureta, ngoja nikueleze.

"Hire" usiiguse. Kwa Mwingereza hiyo ni ya kitu unachokodi muda mfupi ukarudisha: gari, boti, suti ya harusi. Ndiyo maana basi la kupeleka watu msibani linabandikwa "special hire". Mmarekani "hire" yake ni ya mtu zaidi, kumpa kazi. Hata gari analisemea "rent". Ukiandika "house for hire" wote wataelewa, ila wataona aliyeandika ni mtu wa magari.

Mama mwenye nyumba yuko sahihi. "To let" ni ya Waingereza, na Mmarekani huandika "for rent", ambayo hata Mwingereza haimsumbui. Kwa hiyo weka "for rent", wote umewapata.

Lakini kwenye mkataba ndipo penye kazi. Sisi tunabadilisha mwisho wa neno tu: napanga, napangisha, nakodi, nakodisha, nakopa, nakopesha. Hakuna anayeuliza mali ni ya nani. Kiingereza hakina njia hiyo. "Let" ni ya mwenye nyumba. "Rent" inakwenda pande zote mbili, anayelipa ana-"rent" na anayelipwa naye ana-"rent", mpaka uongeze "from" kwa anayepanga, au "to" na "out" kwa anayepangisha. "Borrow" na "lend" ndizo zimegawana kazi, mmoja anapokea na mwingine anatoa, na huko ndiko watu wetu wanakopotelea, kwa sababu "azima" tunaitumia kote: nimeazima ngazi, niazime ngazi. Ndipo unasikia "borrow me your ladder".

Kwa hiyo tumia "landlord" kwa mwenye nyumba na "tenant" kwa mpangaji. "Lessor" na "lessee", maana ni hizo hizo, waachie mawakili. Nimeletewa rasimu ambayo mpangaji ndiye anayemdai mwenye nyumba kodi, kisa herufi mbili za mwisho.

Kivuli cha mwembe ni "shade". "Shadow" ni ile sura yako inayokufuata ukutani.

"First floor" ina mtego. Mwingereza anahesabu kama sisi, ya chini ni "ground floor" na inayofuata ndiyo "first". Kwa Mmarekani "first floor" ni ya chini kabisa, utakuwa umempangisha chumbani kwa huyo mama! Ya juu kwake ni "second". Andika "upstairs", nyumba ya ghorofa moja haihitaji hesabu.

"Homely" kwa Mwingereza ni sifa njema, nyumba yenye utulivu wa kifamilia. Kwa Mmarekani ni mtu asiye na sura ya kuvutia. Yeye nyumba ya hivyo huiita "homey". Iache.

Na hujauliza, ila najua utaandika "three master bedrooms". Kwao "master bedroom" ni chumba kikuu cha nyumba, kiwe na choo au kisiwe nacho, na ni kimoja. Chenye choo ndani ni "en suite". Marekani miaka hii wengi wanaandika "primary bedroom" badala ya "master".

KijanaWaTegeta
Mama, kwa masta siafiki. Hilo ni neno letu sasa, hata chumba kimoja cha uani chenye choo ni masta. Mgeni akifika si atakiona choo?

MamaStesheneri
Kwenye Kiswahili sina ugomvi nalo. Huyu anaandika kwa Kiingereza, na mgeni anasoma akiwa bado Nairobi au London. Choo atakionea wapi?

DalaliMnyoofu
Shikamoo mama, nimekuelewa. Moja la mwisho: mwenye nyumba anataka miezi 6 mkononi, na kiasi kingine cha kushikilia endapo wataharibu vitu. Zote niandike "deposit"?

MamaStesheneri
Marahaba. Hapana, zitenganishe. Ile ya miezi 6 ni kodi inayoliwa mwezi kwa mwezi, andika "rent in advance". Ya kushikilia ndiyo "deposit", inarudi mpangaji akihama bila kuharibu. Ukiziita zote "deposit", siku anaondoka atadai arudishiwe zote, na karatasi itakuwa upande wake.