Huyu mhariri wa jarida la sheria anajiona nani? Eti makala yangu "hii ipelekeni AMCOS", yaani kwenye chama cha ushirika cha wakulima!

Wakuu salaam, na kama hamtaki salamu shauri yenu.

Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye bodaboda natoka kwenye hilo kongamano lao, shati sijavua, maji sijanywa. Simtaji mtu. Hapa Mtwara mnamjua wote. Asiyemjua ameshaiona tai yake, maana inaingia ukumbini kwanza, mwenyewe anafika baadaye.

Mwanafunzi wa mwaka wa PILI jamani. Juzi juzi alikuwa anauliza kesi ya madai na ya jinai zinatofautianaje, leo Mhariri Mkuu, anaitikia salamu kwa kupandisha nyusi.

Tangazo lao lilisema makala iwe ya Kiswahili au Kiingereza, tanbihi zifuate OSCOLA, ule mtindo wa Oxford wa kunukuu vyanzo vya sheria, na mwandishi afute jina lake ili wapitiaji wasijue nani kaandika. Nikafuta. Nikamlipa kijana wa steshenari anifutie hata lile jina linalojificha ndani ya faili. Makala yangu ikabaki yatima.

Na niliandika kitu cha kwetu. Stakabadhi ghalani. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya 2005, mfumo wenyewe ukaanza na korosho zetu hizi hizi msimu wa 2007/08. Swali langu lilikuwa moja: mkulima akishapeleka gunia ghalani akapewa karatasi, mambo yakivurugika ile karatasi inambeba wapi? Mnakumbuka 2018, wakulima wakagomea bei ya mnada, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaanza kusomba. Siku ile karatasi ya mkulima ilikuwa na nguvu gani kisheria? Hilo si swali la sheria? Ni la nini, mapishi?

Sasa leo. Mbele wamekaa mawakili na wahadhiri, kuna na mzee mmoja hakimu mstaafu amelala vizuri tu. Jamaa anashika kipaza sauti, anarusha ukurasa wangu kwenye projekta, ukubwa wa ukuta mzima, anasema: "Huu ni mfano wa makala isiyo ya kitaaluma. Hii ipelekeni AMCOS."

Ukumbi ukacheka. Hakimu mstaafu akaamka, akacheka, akarudi kulala.

Hapo bado ningevumilia. AKANYOOSHA KIDOLE. "Mwandishi wake yule pale nyuma, shati la bluu."

Wakuu, si mlisema nifute jina? Nimefuta jina, nimefuta hadi jina la faili, halafu unanitaja kwa shati? Watu mia mbili wakageuza shingo kwa pamoja, nikasikia mlio. Shati la bluu! Kuna mama alikuwa anagawa soda, akaja akanitazama usoni, akaniruka akampa wa pembeni yangu.

Harvard Law Review, jarida la sheria la kule Marekani, linaendeshwa na wanafunzi tangu 1887. Obama alikuwa rais wake, yaani mhariri mkuu, 1990. Hatujasikia hata siku moja Obama kamnyooshea mtu kidole akamwambia makala yake apelekewe wakulima wa mahindi. Huyu wetu toleo la kwanza lenyewe halijatoka, mikorosho imeshachanua na kupukutika, sisi tunaambiwa "lipo kwenye hatua za mwisho".

Na Kiswahili ndiyo wanakionea. Sheria tangu marekebisho ya 2021 inasema lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, yeye anasema makala yangu "haina hadhi ya lugha". Pale kwenye projekta alikuwa ameandika "kongomano". KONGOMANO. Kwa herufi kubwa, juu ya picha yake mwenyewe.

Ipelekeni AMCOS. Shati la bluu. Leo silali.

Mchuuzi wa Kangomba: Nimewahi siti ya mbele. Nina korosho za kukaanga hapa, endeleeni.

Bi Shangani: Ni yule anayetembea na faili tupu kwapani?

Mleta mada: Huyo huyo dada.

Bi Shangani: Basi pole mdogo wangu. Mimi alinirudishia makala kwa sababu nukta ilikaa baada ya namba ya tanbihi badala ya kabla. Ukurasa wa kwanza tu. Wa pili hakuufungua, najua kwa sababu wa pili nilisahau kuubandika na hakuna aliyegundua.

Kaka wa Chikongola: Mkuu Shati la Bluu, povu lote hili na picha hujaweka? Tuletee shati tulione kwanza, ndipo tutoe hukumu.

Mnyonge Msomi: Watu mia mbili ukumbi upi huo? Kama ni ule ninaoujua mimi, wakiingia sitini feni linagoma. Punguza chumvi.

Mleta mada: Wewe hukuwepo. Walikuwa mia mbili na wote walinigeukia.

Ngazi ya Tatu: Mimi nawasaidia kidogo, msinitukane. Hiyo ya Marekani mleta mada umeichukua nusu. Kule wanafunzi ndio wanaochagua hata makala za maprofesa, na mwandishi anaruhusiwa kutuma kwenye majarida kibao kwa mpigo, akikubaliwa na moja anayabana mengine yajibu haraka. Majarida mengi yanayopitiwa na wataalamu hayaruhusu hivyo, ni jarida moja kwa wakati, unasubiri hadi nywele ziote mvi. Kwa hiyo sema ukweli, uliituma sehemu nyingine au uliwapa hao peke yao?

Mleta mada: Hao peke yao. Hilo ndilo linaloniuma.

Mchuuzi wa Kangomba: Umejifunga ndoa na jarida la kwenye matangazo.

Katibu Mtarajiwa: Samahanini wakuu, mimi ni katibu wa AMCOS huku Tandahimba. Sijaelewa tusi lipo wapi. Kuambiwa upeleke kitu AMCOS ndiyo umefedheheka? Ilete hiyo makala. Tuna mgogoro wa stakabadhi zilizoandikwa uzito tofauti na wa mizani yetu, na wakili tuliyemfuata anataka pesa ya kusikiliza tu. Umeiandika kwa Kiswahili, safi kabisa. Nitumie.

Kaka wa Chikongola: 😂😂😂 Mhariri alikuwa anatoa rufaa ya bure kumbe.

Mleta mada: Mzee wangu sikudharau AMCOS. Ninachosema ni KIDOLE. Alininyooshea kidole.

Nanyamba Juu: Katibu, kwa kuwa umejitokeza mwenyewe, malipo ya mnada wa pili yako wapi? Tumepeleka mzigo, tumeambiwa pesa iko benki, benki wanasema iko chamani, chamani wanasema mtandao. Hiyo ndiyo makala ya kuandika, siyo habari za shati.

Katibu Mtarajiwa: Mimi si katibu wa chama chenu mkuu.

Nanyamba Juu: Wote mnafanana.

Bi Shangani: Na ile salfa ya kupulizia mikorosho iliyochelewa hadi ugonjwa wa ubwiriunga umeshamaliza maua, nayo tusiizungumze?

Mnyonge Msomi: Nyie wote mnalialia. Mimi nimetoka kwenye hilo hilo kongamano. Walitangaza chakula cha mchana, nikaacha ugali nyumbani. Tumepewa andazi moja na soda ya moto, halafu cheti cha ushiriki kinauzwa elfu kumi. Nimelipa. Wameandika jina la mtu mwingine, mwanamke.

Ngazi ya Tatu: Kibadilishe jina wewe, kukilipia umeshakilipia.

Mleta mada: Kumbe ulikuwepo! Si uliniona? Waambie, watu walikuwa mia mbili au hawakuwa?

Mnyonge Msomi: Nilikuona. Shati lenyewe halikuwa la bluu, lilikuwa kijani.

Wakili wa Kesho Kutwa: Wadogo zangu, mnalilia makala? Subirini Shule ya Sheria Dar es Salaam, mnakopita baada ya digrii ili muwe mawakili. 2022 matokeo yalitoka, watu 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Kamati ya kuchunguza ikaundwa, akapewa Mwakyembe, waziri wa zamani, aiongoze. Kule hakuna anayekunyooshea kidole, namba yako inabandikwa ukutani unaitafuta mwenyewe.

Bi Shangani: Usinikumbushe, kaka yangu alikuwemo kwenye hao 633. Hadi leo ukimtajia neno "marudio" anahama chumba.

Mwana wa Likong'o: Nyie Mtwara mna kongamano, mna mhariri, mna hadi soda ya moto, bado mnalalamika? Sisi Lindi tunaambiwa mtambo wa kusindika gesi unakuja, watoto waliozaliwa siku tulipoambiwa sasa wanavaa sare za shule. Jarida la sheria tutalijua lini?

Kaka wa Chikongola: Lindi nanyi tengenezeni kwanza barabara. Mvua za Mei 2024 pale Somanga zilituweka njiani hadi tukajuana majina basi zima.

Mwana wa Likong'o: Barabara inatengenezwa na Lindi? Unaongea na TANROADS, wakala wa barabara, au unaongea na mimi?

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Shati lilikuwa BLUU. Na tuungane tuandike barua ya pamoja kwa mlezi wa jarida, mimi nimeshaanza rasimu.

Mchuuzi wa Kangomba: Hilo la Somanga mimi nilikwama na ndoo mbili za pweza. Basi zima walinichukia.

Nanyamba Juu: Pweza uliuza bei gani?