Kwa nini Xbox haijaniingia moyoni: PS, Xbox na Switch kwa mtu wa Lamu na Malindi

MwanaLangoni (Lamu)

Salaam wadau. Kila nikikaa na wapenzi wa gemu hapa Lamu, swali hili hunirudia: wewe wacheza kila kitu, mbona Xbox huitaki? Xbox ni mashine ya gemu ya Microsoft, kama PlayStation (PS) ilivyo ya Sony na Switch ya Nintendo. Matoleo yake nimeyacheza: nimecheza 360, nimecheza One, nimecheza Series S kwa jamaa zangu Malindi na Mombasa. Ni mashine nzuri. Lakini moyo haujawahi kuielekea, na nina sababu. Nitazieleza, halafu nanyi mseme mwaonaje, maana najua humu mna wenye Xbox, wenye PS na wenye Switch.

Ya kwanza ni mpira. Sisi wa mtaa wa Langoni tulikulia kwenye PS2. Mwenye kibanda alikuwa na TV za kisogo, padi (vidhibiti vya mkononi) zenye nyaya zilizozungushwa selotepu, na kila kijana alikuja na memori kadi yake ya MB 8 mfukoni. Ndani ya kadi ile mlikuwa na ligi yako uliyoianzisha, na majina uliyoyasahihisha mwenyewe, kwa sababu Konami, watengenezaji wa PES, gemu ya mpira tuliyoicheza, hawakuwa na leseni za timu nyingi. Liverpool kwenye PES za zamani iliitwa Merseyside Red, Manchester City ikaitwa Man Blue. Kijana alikesha akiandika herufi moja moja kwa padi mpaka timu nzima ikawa na majina ya kweli, kisha akachomeka kadi mbili, yake na ya mwenzake, akamnakilia. Hivyo ndivyo majina yalivyosambaa mtaa mzima. Na Adriano, mshambuliaji wa PES 6 mwenye nguvu ya shuti ya juu kabisa, 99, kuna watu walikatazwa kumchezesha ili mechi iwe ya haki.

PES yenyewe haikufika kwenye Xbox mpaka toleo la nne, mwaka 2004, wakati Xbox ilishakuwa sokoni tangu 2001. Mwaka mmoja baadaye 360 ikatoka na ile ya kwanza ikaachwa. PS2 iliyotoka 2000 iliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013, na PES 2014 ikatolewa kwa PS2 bado. Mtu wa kisiwani aliyenunua mashine yake kwa shida hakutupwa.

Ya pili ni padi. Kwenye PS kitufe cha pasi ni X, na X iko chini. PES ilifanya mraba shuti na duara krosi, FIFA, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, ikavigeuza, na hilo peke yake lilitugombanisha sana mtaani. Sasa shika padi ya Xbox: pasi ni A, na ile X imehamia kushoto, mahali pa mraba. Mtu nyuma yako akikupigia kelele "X! X!" dakika ya tisini, kidole chenda kushoto, wataka pasi watoa krosi isiyo na mtu. Kijiti cha kushoto nacho kimepandishwa juu. Wenye gemu za bunduki wasema gumba linakaa vizuri hivyo, na nawaamini. Kwa mpira, mkono wangu haujakubali.

Ya tatu ndiyo nzito. Juni 2013 Microsoft walipokuwa wakiitambulisha Xbox One, walisema mashine itabidi iingie intaneti kila baada ya saa 24, la sivyo gemu hazichezeki, na diski iliyotumika iwe na masharti ya kuuzwa na kuazimana. Don Mattrick, aliyekuwa akiongoza Xbox, alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti, alijibu kwamba kwa hao ipo Xbox 360. Siku zile zile Sony wakatangaza PS4 kwa dola 399, Xbox One ikiwa 499, na wakasema wazi kwamba diski ya PS4 waweza kumpa rafiki yako. Tarehe 19 Juni Microsoft walirudi nyuma. Lakini mimi nilishasikia. Wakati ule hapa Lamu tulikuwa na modemu na bando la kuhesabu. Waliokaa kuichora mashine ile hawakumwona kabisa kijana wa Langoni.

BintiCasuarina (Malindi)

Kaka MwanaLangoni, umeeleza vizuri na sikatai hata moja, ila mwaka 2013 ni zamani. Mimi nina Series S hapa Malindi na naipenda kwa dhati, nami nikueleze.

Mimi sina uwezo wa kununua gemu mpya moja moja kwa bei kamili. Game Pass, huduma ya Xbox ya kulipia kwa mwezi na kucheza gemu nyingi, ilipoanza 2017 ilinifungulia gemu ambazo nisingezigusa maisha yangu, za mafumbo, za hadithi, za magari. Kaka zangu walikuwa na PS4 na diski mbili, mpira na mpira wa mwaka uliopita. Mimi nilikuwa nikimaliza hadithi moja naanza nyingine. Watu wa mpira mwasahau kwamba wako wachezaji wasiopenda mpira.

La pili, padi. Padi za Xbox One zafanya kazi kwenye Series S bila shida. Ukihama kutoka PS4 kwenda PS5, padi yako ya zamani haichezi gemu za PS5. Betri nayo: padi ya Xbox hutumia betri ndogo za AA, na hizo zipo kila duka. Ya PS betri yake imo ndani, ikichoka ni kwa fundi.

La tatu, gemu za zamani. Kwenye Series S nimecheza gemu za 360 na hata za Xbox ya kwanza, si zote lakini nyingi, na baadhi zinaonekana vizuri kuliko zilivyokuwa. PS5 hucheza karibu gemu zote za PS4, lakini ukiwa na diski za PS2 na PS3 kabatini, haziingii. Hiyo heshima ya kutomtupa mchezaji uliyoisema, kwa upande huu ni Xbox walioiweka.

Kijana_Shela (Lamu)

Dada yote sawa, lakini hapa kwetu ukiwa na Xbox utacheza peke yako. Diski za kuazimana zote ni za PS4. Mimi nina gemu tatu zangu na nimecheza zaidi ya ishirini, kwa sababu kila mtu ana tatu zake.

FundiMaweni (Malindi)

Salaam. Mimi natengeneza hizi mashine, zote, sina upande. Acheni niseme nionayo mezani.

Adui mkubwa wa mashine ya gemu pwani si kampuni, ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu hukaa kwenye bodi, hukutana na vumbi ndani ya feni, na huo mchanganyiko hushika kama ukoko. Nikifungua mashine iliyokaa karibu na dirisha linaloelekea baharini, miguu ya chipu imeota kijani. Ya Nairobi ya umri ule ule ni kavu. Kwa hiyo mtu asiniulize ipi haiharibiki. Aniulize ataiweka wapi.

Sasa, ni kweli 360 za mwanzo zilikuwa na tatizo kubwa, taa tatu nyekundu. Joto kupanda na kushuka kulikuwa kukiharibu maungio ya ndani ya chipu. Julai 2007 Microsoft wenyewe walikiri ukubwa wake, wakaongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Huo ulikuwa uungwana, ila dhamana ya namna hiyo yamfaa mwenye pa kuirudisha mashine. Mashine iliyoletwa kwenye sanduku la shangazi kutoka ng'ambo haina pa kurudi zaidi ya kwa fundi. Matoleo ya baadaye ya 360 yalitulia, na Series S ikifika mezani kwangu mara nyingi ni kwa ajili ya tundu la HDMI, la waya wa TV, kosa la mtu kuvuta waya.

Lingine ni spea. Za PS4 nikitaka leo, kesho zimepanda basi kutoka Mombasa: feni, lenzi ya diski, vijiti vya padi, betri. Za Xbox nangojea. Kwa mteja wa Lamu ongeza safari ya mpaka Mokowe na boti. Hilo peke yake lamaliza mjadala kwa wengi, na si kosa la Microsoft wala sifa ya Sony, ni wingi tu wa mashine zilizoko mitaani.

MpwaniPate (Lamu)

Sisi wa kisiwa cha Pate hamtutaji. Umeme ukiwa wa jua na betri, mambo ya PS5 ni ndoto, inakunywa sana. Series S hula kidogo kuliko PS5, hilo nawapa wenye Xbox. Mimi nilichukua Switch. Ile ya kuanzia 2019 hukaa na chaji kati ya saa nne na nusu na tisa kutegemea gemu, na usiku mashua ikiwa imetia nanga nacheza bila kumsumbua mtu. Ubaya wake ni mpira. Miaka kadhaa EA walikuwa wakiiuzia Switch FIFA ya zamani yenye jezi mpya, wenyewe wakaiita Legacy Edition. Tangu FC 24, jina jipya la FIFA hiyo, wameipa injini mpya (programu inayoiendesha) na mambo yamekuwa bora.

MwanaLangoni (Lamu)

Dada BintiCasuarina, umenipa la kufikiri kwenye gemu za zamani. Hilo sina jibu lake. Diski zangu za PS3 ziko kwenye sanduku na PS5 haizitambui.

Lakini nirudi kwenye diski, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Series S haina mahali pa kuingiza diski hata moja. Nafasi ya ile ya kawaida ni GB 512, na ukitoa mfumo wabaki na kama 364. Gemu moja kubwa siku hizi yapita GB 100. Kwa mwenye waya wa intaneti nyumbani si tatizo, anafuta na kupakua tena. Mimi nikifuta, kurudisha ni bando la mwezi. Diski yangu nikimaliza namuuzia Kijana_Shela, naye amuuzie mtu wa Wiyoni, na gemu moja inawaburudisha watu kumi. Game Pass nayo, Oktoba 2025 daraja lake la juu, Ultimate, lilipandishwa hadi dola 29.99 kwa mwezi. Ukiacha kulipa mwezi mmoja, maktaba yote yafungwa.

Na sote twajua Kenya haimo kwenye orodha rasmi ya nchi za Xbox wala za PSN, mtandao wa PlayStation. Sote tumefungua akaunti za nchi za watu. Tofauti ni kwamba bila akaunti, PS yenye diski bado inacheza. Series S bila akaunti na bila intaneti siku ya kwanza haivuki hata maandalizi ya mwanzo.

BintiCasuarina (Malindi)

Sema kweli yote basi. PS5 Slim iliyotoka mwisho wa 2023, kile kipande cha kusomea diski nacho lazima kisajiliwe kwa intaneti mara ya kwanza. Sony nao wameingia njia hiyo hiyo. Na PS5 yenyewe ipo isiyo na diski kabisa. Nakubali kwamba Lamu na Malindi hatufanani kwenye intaneti, na ningekuwa Langoni pengine ningechagua kama wewe. Bei ile ya Ultimate iliniuma hata mimi, nikashuka daraja la chini. Lakini bado nakuomba siku moja ucheze ile gemu ya magari, Forza Horizon 5, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kijana_Shela (Lamu)

Hiyo Forza imeshafika PS5, Aprili 2025. Diski haina, ya kupakua tu, nangoja niende Mombasa kwa binamu yangu mwenye waya.

MgeniWaGemu (Malindi, Barani)

Samahani wakubwa zangu, naingilia. Mdogo wangu yuko sekondari na shule yake ni Lamu, likizo anakaa kwa bibi yetu Mkomani. Anataka Series S kwa sababu ameona ni rahisi kuliko PS5. Pesa zangu zatosha Series S mpya au PS4 Slim iliyotumika na kubaki na chenji. Anapenda mpira tu. Nifanyeje?

MwanaLangoni (Lamu)

PS4 Slim, ndugu yangu, bila kusita. FC 26 imetoka kwa PS4 pia. Chenji inunue padi ya pili. Mtoto wa mpira akiwa na padi moja hajanunuliwa kitu. Akifika Mkomani aulize wenzake shuleni nani ana diski gani, hatalala njaa ya gemu.

BintiCasuarina (Malindi)

Kwa mpira tu na kwa nyumba isiyo na intaneti, naungana naye. Akibadilika akapenda hadithi na mafumbo, mwambie aje kwangu.

FundiMaweni (Malindi)

Kabla hujatoa pesa, igeuze na usome maandishi ya umeme kwenye kibandiko. Ikiandikwa 100 hadi 240, iko salama. Watu huchomwa na 360 au PS2 nene za Marekani, ambazo ni za volti 120. Ukizichomeka kwenye 240 yetu ni harufu ya moshi papo hapo. Kisha iwashe mbele ya muuzaji, weka diski yoyote, acha icheze nusu saa. Sikiliza feni. Ikianza kulia kama ndege inayoruka uwanja wa Manda, mshushe bei ya usafi na pesti mpya ya kupoza prosesa, au iache. Jaribu padi kwenye menyu bila kugusa kijiti, ukiona alama inatembea yenyewe, kijiti kimekwisha. Na kwa bibi yake Mkomani, aiweke chumba cha ndani, mbali na dirisha la baharini, na aifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa, si ikiwa inawaka.