Nyumba ya mtindo wa godauni njia ya Mvumi: kuta za bati tutaziweza?

MamaZawadi

Wakuu habari za majukumu. Wakubwa shikamooni.

Tuna ekari tatu Chamwino huku Dodoma, njia ya Mvumi. Tumepewa na ukoo wa mume wangu na hati ya kimila ipo mkononi, kwa hiyo habari za ardhi tuziache leo. Shida ni nyumba. Mume wangu ameona kwenye simu nyumba za Wamarekani zilizojengwa kwa umbo la ghala la shambani: paa moja refu, mgongo juu, ndani hakuna nguzo, sebule na jiko ukumbi mmoja, vyumba pembeni, na juu ya vyumba roshani ya watoto kulala. Nje yote ni bati jeusi. Ameipenda mpaka ameichora kwenye daftari la mtoto: mita 20 kwa 10, robo ya nyumba iwe stoo ya mtama na alizeti, na mlango mkubwa wa reli upande wa mashariki ili trekta iingie.

Umbo nimelikubali. Bati la ukutani ndilo limenishinda. Mama mkwe naye kautazama mchoro weee, kisha akauliza, "Magunia nimeyaona. Watu je, wanalala wapi?"

Naomba wenye uzoefu: fremu ya chuma na bati kweli ni nafuu kuliko tofali? Joto la Oktoba? Na ule upepo wa kiangazi mnaujua wenyewe.

Kijana_wa_Pwani

Dada hiyo ni oveni yenye madirisha. Jenga vyumba vitatu na sebule uishi kwa amani.

FundiKenchi_Dom

Kijana, mwenzako hajauliza vyumba vitatu.

Mama Zawadi, shemeji hajakosea kwenye fremu. Upana wa mita 10 bila nguzo katikati, mimi ningepiga kenchi (zile fremu za pembetatu zinazobeba paa) za chuma hata kama kuta ni za tofali. Mbao zitakutaka kenchi nzito, na mchwa wa huku hawana simile. Ila zile nyumba za kwenye simu, bati ni ngozi ya nje tu. Nyuma yake kuna tabaka nene la kuzuia baridi na joto, kisha ukuta mwingine wa ndani. Ukipiga hesabu ya bati, foili, skwea paipu za kushikilia na bodi za ndani, unafuu wote umeyeyuka. Ukiviacha hivyo vitu, mchana mtakaa chini ya mti, na usiku wa Julai mtajifunika blanketi mbilimbili.

Simamisha fremu, ezeka, halafu jaza kuta kwa tofali za kuchoma chini ya paa. Mafundi watafanya kazi kivulini na saruji haitakauka kwa pupa. Bati la paa chukua msauzi rangi nyeupe au lile la kung'aa. Jeusi linapendeza picha tu. Chini ya kofia, yaani bati linalofunika mgongo wa paa, acha upenyo wa joto kutoka, na uweke wavu, la sivyo popo watahamia kabla yenu.

Sasa mlango. Upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki na kusini mashariki. Mlango wa trekta ukiuelekeza huko na ukabaki wazi, upepo unaingia, unakosa pa kutokea, unasukuma paa kutoka chini wakati ule wa nje unalivuta juu. Hapo bati linaondoka na kenchi zake. Nyumba ilazwe mashariki-magharibi, ubavu mwembamba ndio uupokee upepo, jua la asubuhi na la jioni nalo lipige ukuta mfupi. Mlango mkubwa upeleke kaskazini, chini ya baraza. Nguzo zifungwe kwa bolti zilizozikwa kwenye zege, na bati lipigwe skrubu zenye mpira, pembezoni na kwenye kofia zikaribiane zaidi. Misumari usiikubali hata fundi akiapa.

Mzee_wa_Kongwa

Binti yangu, watu na mali chini ya paa moja si mambo ya Wamarekani. Tembe la Wagogo lilikuwa hivyo hivyo, ng'ombe uani katikati, vyumba vimewazunguka, paa la udongo. Mchana wa Oktoba ungeingia ukasinzia. Kilichotunza ubaridi ni udongo mnene, kwa hiyo nakubaliana na fundi.

Nakuongezea la msingi. Kama kiwanja kina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, chimba uupite au hama sehemu. Mawe huku ni mengi, jenga msingi wa mawe. Na usisubiri Septemba ndiyo uanze kuchimba. Waingereza walipoleta mpango wa karanga hapa Kongwa mwaka 1947, mashine zao zilishindana na ardhi hii ikikauka, sembuse sururu.

MamaZawadi

Asanteni sana. Mume wangu amesoma, amenuna kidogo kwa ajili ya bati jeusi, mlango amekubali uende kaskazini.

Kilichompa moyo ni maji. Kisima cha jirani ni cha chumvi. Paa letu ni mita za mraba 200, na milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mwaka wa milimita 550, hata tukipoteza moja ya tano, ni lita 88,000. Tuko sita. Lita 20 kwa kila mtu kwa siku, toka Mei hadi mwisho wa Novemba, haifiki 26,000. Tangi la chini la lita 30,000 linatosha, na paa moja refu linahitaji gata mbili tu.

Nesi_Kondoa

Dada, nakurudisha kwa swali la mama mkwe. Stoo mtahifadhi kwa dawa gani? Kama ni vile vidonge vya kufukizia nafaka, gesi yake inaua, na kwenye nyumba iliyo wazi mpaka mgongoni itapita juu ya kuta iwafuate watoto roshanini. Ukuta wa stoo uende juu mpaka ushikane na bati, usiwe na mlango wa ndani, mtu aingilie nje. Hata hivyo vidonge visitumike kabisa kwenye jengo wanamolala watu. Tumieni mifuko isiyopitisha hewa, haihitaji dawa. Na magunia yakae juu ya chaga, nafaka iwe imekauka. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, mwaka 2016 iliua watu mkoani kwetu, msiichukulie poa.

FundiKenchi_Dom

Hapo kwa nesi sina la kuongeza, isipokuwa ukuta huo wa stoo uanzie kwenye msingi wake, usikae juu ya jamvi la sakafu. Tofali mpaka kwenye bati ni uzito. Mwambie shemeji aniletee hilo daftari.