Tupeane uzoefu: mtoto ana ugonjwa sugu wa utumbo, na wewe mzazi unaendeleaje?

Mleta mada

Wazazi na walezi wenzangu, salaam.

Nina binti wa miaka 15 mwenye ugonjwa wa Crohn. Kila kliniki anaulizwa maswali yale yale: unaenda choo mara ngapi, kuna damu, tumbo linauma upande gani, chakula kinapita? Yanastahili kuulizwa. Safari hii daktari alipomaliza kuandika akanigeukia: "Na wewe mama, unalala?" Nikaanza kumweleza binti anavyolala. Akanikatiza kwa upole, "Nimekuuliza wewe." Nikakosa la kusema.

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Mambo ya dawa, vipimo na lishe tunaulizana kila siku, na tuendelee. Hapa naomba kila mtu aeleze hali yake mwenyewe: usingizi, hasira, machozi, ndoa, kazi, chochote kile.

Naanza mimi. Masikio yangu yamehamia chooni. Usiku mlango wa chumba chake ukilia tu, nimeshaamka. Nasikiliza anakaa muda gani, nasikiliza maji, nasikiliza kama anarudi moja kwa moja kitandani au anasimama kwanza kushika tumbo. Yeye akishalala, mimi nabaki macho hadi alfajiri. Na msidhani ugonjwa umeamka. Umelala. Vipimo vya mwisho vilikuwa vizuri, uzito umerudi, amerudi kukimbia mbio shuleni. Nilitegemea siku ugonjwa ukitulia na mimi nitatulia, kumbe mwili wangu haujapata habari.

Kwa aliye mgeni na mambo haya: Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na kolaitisi ya vidonda inashika utumbo mpana. Yote mawili yanatokana na kinga ya mwili kuushambulia utumbo na kuutia uvimbe. Ugonjwa unatulizwa kwa dawa, unaweza kulala muda mrefu, kisha ukaamka bila kubisha hodi. Takriban robo ya wagonjwa hugundulika kabla ya kutimiza miaka 20, yaani umri ule ule ambao mtoto anataka faragha, na mzazi analazimika kumuuliza choo kikoje.

Karibuni.

Mama Kitinda Mimba

Dada yangu, umenigusa panapouma. Wangu ni wa kiume, miaka 16, ana kolaitisi ya vidonda.

Kabla ya kupata jibu alitibiwa amiba, akatibiwa minyoo, akatibiwa taifodi. Kila mara anapata nafuu kidogo, halafu anarudi kule kule. Wapo waliosema anaogopa mitihani. Kipindi kile chote nilikuwa na nguvu ambazo sijui zilitoka wapi: nabisha hodi kila mlango, nabishana na kila mtu. Nilianguka baada ya jibu kupatikana. Watu wananipongeza kwamba sasa tatizo limejulikana, na mimi ndani naporomoka. Nilikuwa nakaa jikoni usiku na daftari, naandika kila kitu mwanangu alichokula tangu aache kunyonya, natafuta ni wapi nilimharibu. Daktari wa utumbo alipoliona daftari lile akalifunga kwa mkono wake. Akanieleza kwamba ugonjwa huu unachangiwa na vinasaba, kinga ya mwili, bakteria waishio tumboni na mazingira, na kwamba hakuna sufuria ya mama iliyowahi kuuleta. Siku ile nilimwelewa kwa kichwa. Moyo ulichukua muda.

Kisha zikaja steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Zilisimamisha damu haraka, siwezi kuzisema vibaya kwa hilo. Lakini uso wa mwanangu ukavimba ukawa wa duara, chunusi zikajaa, njaa saa nane za usiku, na hasira. Kijana ambaye hakuwa akipandisha sauti alinifungia mlango usoni kwa kishindo. Nikaanza kumwogopa. Sikumwambia mtu, maana utamwambia nani kwamba unamwogopa mtoto wako mgonjwa? Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza kama hasira zilianza kabla ya dawa au baada. Baada! Dawa hizi zinajulikana kuvuruga usingizi na hisia, na dozi ilipopunguzwa ngazi kwa ngazi (hazikatishwi ghafla, mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo) mwanangu alirudi. Kama kuna mhudumu wa afya anasoma hapa, nakuomba: mwambie mzazi jambo hili siku ile ile unayoandika dawa. Mtaokoa amani ya nyumba nyingi.

Kilichobaki kwangu sasa ni simu. Tukishapeleka kipimo cha choo, kile cha kalprotektini kinachoonyesha kama utumbo una uvimbe, kila ujumbe ukiingia mikono inatoka jasho. Hata ujumbe wa kuniambia salio limekwisha. Nimeomba majibu yatumwe kwa baba yake, yeye ndiye ananieleza jioni tukiwa tumekaa. Imenisaidia kuliko nilivyodhani.

Baba Watatu

Mimi huwa nasoma tu, leo naandika.

Wanaume tukiulizwa tunasema "tupo sawa". Nami nilikuwa sawa hadi kifua kikaanza kunibana nikiwa kazini. Nikapimwa moyo, ukaonekana mzima. Daktari hakuishia hapo. Akanipa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki 2 zilizopita: kukosa raha na mambo niliyoyapenda, kujiona sina thamani, usingizi, hamu ya kula, kushindwa kutuliza akili, na mengine. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27. Linaitwa dodoso la PHQ-9. Ukifika 10 au zaidi wanataka kukuchunguza kwa makini kama una sonona. Nilikuwa nimevuka hapo, tena kwa mbali.

Jamani, lile dodoso si siri wala si la vichaa. Mwombeni daktari yeyote. Na swali la mwisho linauliza kama umewahi kuwaza heri ufe au kujidhuru. Kama jibu lako ni ndiyo, usingoje kliniki ya mtoto. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Nilipelekwa kwa mwanasaikolojia. Nilidhani nitalazwa kwenye kochi nielezee utoto wangu. Badala yake alinipa kazi. Kila wazo linaloniamsha usiku nalitia kwenye karatasi, kisha naandika ushahidi wa kulikubali na ushahidi wa kulikataa. Wazo langu kubwa lilikuwa "atakatwa utumbo mzima kabla hajamaliza shule". Upande wa kukataa niliandika: dawa imefanya kazi, damu imekoma, daktari hajawahi kutaja upasuaji. Halafu akanipangia nusu saa ya wasiwasi kila jioni. Wazo likija mchana naliambia lingoje zamu yake. Inasikika kama mchezo wa watoto, lakini kifua kimeachia.

Shangazi Mlezi

Kwetu kilichovunjika ni maelewano kati ya kaka yangu na mke wake. Mmoja anamwona mwenzake mkali, mwingine anaona mwenzake anadekeza. Nilichofanya ni kumchukua mtoto mwishoni mwa wiki, na orodha ya dawa mkononi. Usiku wa kwanza walinipigia simu mara nyingi kuliko nilivyoweza kupokea. Usiku wa pili hawakupiga. Wenye ndugu, waombeni jambo moja la namna hiyo, lenye siku na saa. Ukimwambia mtu "nisaidie" tu, atakujibu pole na kuondoka, si kwa ubaya.

Aliyekulia Humo

Shikamooni wazazi wangu. Mimi si mzazi. Niligundulika Crohn nikiwa na miaka 13, sasa ni mtu mzima. Naomba niseme kitu ambacho sikuweza kumwambia mama yangu wakati ule.

Kabla hajaitikia shikamoo yangu ya asubuhi, alikuwa ameshaniuliza tumbo. Najua ulikuwa upendo. Lakini nilikuwa nausoma uso wake. Nikisema "kuna damu kidogo" uso unabadilika, siku nzima hali kitu, usiku namsikia anaongea na baba kwa sauti ya chini. Nikaanza kuficha. Nilimwambia hakuna damu wakati ipo, nikamwambia nimemeza dawa ambazo zilikuwa chini ya godoro. Sikuwa mkaidi. Nilikuwa namlinda mama yangu. Nafikiri wengi wa watoto wenu wanafanya hivyo sasa hivi mnaposoma hapa.

Kilichotusaidia kilitoka kwa muuguzi wetu. Alitukalisha wote wawili, tukakubaliana mambo matatu ambayo lazima niseme siku hiyo hiyo: damu, homa, na kuamka usiku kwa ajili ya choo. Mengine yote, mara moja kwa wiki, siku niliyoichagua mimi. Katikati ya wiki mama haulizi. Kwake ilikuwa mateso, alikuwa anatoka nje ya nyumba ili asiulize. Lakini ndani ya muda si mrefu nilianza kumwambia mwenyewe bila kuulizwa.

Na jambo lingine: mama alipoanza kwenda kwa mshauri nasaha, mimi ndiye niliyepumua. Msifikiri mkijitibu mnatuibia muda.

Mama Kitinda Mimba

Mwanangu, nimesoma hiyo ya godoro nikasimama kwenda kuangalia. Sijaangalia. Nimerudi kukaa. Nitamuuliza kuhusu hayo mambo matatu kwanza.

Mama wa Dripu

Marahaba mwanangu, Mungu akutunze.

Wangu ana miaka 17, anapata infliksimabu, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa dripu kila wiki 8. Mwanzoni ilikuwa wiki ya 0, ya 2 na ya 6, na kabla ya yote walimpima kifua kikuu, maana dawa hii inaweza kukiamsha kama kimejificha mwilini. Hayo yote niliyabeba kichwani miaka hii, na majina ya dawa, na tarehe, na majibu ya damu. Nilikuwa faili lake.

Kliniki iliyopita daktari akasema, "Mama, leo naomba nianze na kijana peke yake." Nikatoka nje. Naona kupitia kioo mwanangu anaongea, anaonyesha kwa mikono, daktari anacheka. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilihisi kama nimefukuzwa kazi. Nilikaa pale nikagundua kwamba sijui nifanye nini na mikono yangu, na sijui nikiwa si mlinzi wa utumbo wa mtu mimi ni nani. Niliacha kwaya, niliacha masomo ya jioni, marafiki walichoka kunialika.

Baadaye daktari alinieleza kwamba hivi ndivyo inavyotakiwa: kijana azoee kujieleza, ajue majina ya dawa zake, aombe miadi yake, ili akihamia kliniki ya watu wazima asipotee njiani. Inafanywa kidogo kidogo, inaanza miaka kadhaa kabla ya kuhama. Nimekubali kwa ajili yake. Kwa ajili yangu bado nauguza, na naona tuseme wazi kwamba huku nako kuna msiba wa aina yake, hata kama mtoto yu hai na anaendelea vizuri. Nimerudi kwaya. Nakaa nyuma kwa sasa, nyimbo nyingi nimezisahau.

Mgeni Juzi

Samahani naingilia. Binti yangu, miaka 12, amegundulika juzi tu. Nasoma mtandaoni hadi asubuhi, kila ukurasa unanitisha zaidi ya mwingine. Mume wangu anasema niache lakini siwezi. Nyie mlianzaje?

Baba Watatu

Pole sana dada. Mnavyosoma usiku huwa mnasoma yaliyoandikwa na waliozidiwa. Wale ambao ugonjwa umelala wapo kazini na shuleni, hawana muda wa kuandika. Chukua daftari moja, kila swali linalokujia usiku liandike humo, ufunge. Kesho mpigie muuguzi wa kliniki, umsomee. Omba jina lake na saa anazopatikana. Na gaweni usiku na mumeo: mmoja ana zamu hadi saa saba, mwingine anachukua hadi asubuhi. Asiye na zamu alale chumba ambacho choo hakisikiki.

Mleta mada

Naongeza kwa Mgeni: ukienda kliniki, waambie kabisa "naomba na mimi niulizwe". Mimi nilisubiri hadi aliponiuliza mwenyewe. Nimeomba lile dodoso la maswali tisa, ninalo mkononi, nalijaza leo, na Jumatatu nina miadi yangu, kwa jina langu, mtoto yuko shuleni.

Nimewasoma wote. Nimemwonyesha binti maneno ya Aliyekulia Humo. Amesoma mara mbili, akaniambia siku yake ya kuulizwa iwe Jumamosi, tena baada ya saa nne asubuhi, kabla ya hapo nisimsemeshe kabisa habari za tumbo. Tumeanza wiki hii. Wengine endeleeni, hasa ambao watoto wao wamefanyiwa upasuaji na wanatumia mfuko wa haja. Mmekuwa kimya, na najua mpo.