Mbolea ya kupandia inatufikia mahindi yakiwa magotini: hadi lini?

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Sisi wakulima wa Ruvuma tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au mapema Desemba, na tarehe hizo hakuna mhusika asiyezijua. Hata hivyo, msimu uliopita DAP, mbolea yetu ya kupandia, ilifika kwa wakala wa kata yetu mwezi Januari, wakati mahindi ya waliothubutu kupanda bila mbolea yalikuwa yameshafika magotini.

Kwa asiyelima, huenda huo ukaonekana ni ucheleweshaji mdogo. Sivyo hata kidogo. Fosforasi, kirutubisho kikuu cha DAP, haitembei kwenye udongo. Isipowekwa karibu na mbegu siku ya kupanda, mche huota na mizizi dhaifu, majani hugeuka zambarau, na mfuko utakaoletwa baadaye, hata ukigawiwa bure, haurudishi kilichopotea. Urea ya kukuzia inaweza kusubiri kidogo. DAP haisubiri.

Tukilalamika, tunasimuliwa vita vya Ukraine na China kuzuia mbolea yake isitoke. Najua kwamba mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulivuka shilingi 120,000, na kwamba ruzuku iliyozinduliwa Agosti mwaka huo iliushusha hadi 70,000 kwa DAP na kwa Urea. Kwa hilo nilishukuru. Lakini bei nafuu ya mfuko usiokuwepo inamsaidia nani? Namba ya ruzuku ipo kwenye simu, ghala la wakala ni tupu, na kwa walanguzi mbolea inapimwa kwa kisado kutoka kwenye mifuko iliyofunguliwa, bila mnunuzi kujua imechanganywa na nini.

Majirani zangu wamepunguza ekari. Wengine wanatandaza mbolea ya ekari moja kwenye ekari mbili, na wapo waliohamia alizeti. Samadi tunayohubiriwa kila kikao (na wahubiri wenyewe hawalimi) itoke kwa ng'ombe gani, ikiwa kaya nyingi hapa hazina hata mmoja? Unga ukipanda bei Dar es Salaam, lawama zitapelekwa kwa ukame.

Nchi yenye malighafi za mbolea, yaani fosfeti Minjingu na gesi asilia Songo Songo na Mnazi Bay, bado inamfanya mkulima asubiri meli. Ninachodai ni kidogo: mbolea ya kupandia iwe imefika katani kabla Oktoba haijaisha, na idadi ya mifuko aliyopokea kila wakala ibandikwe hadharani kwenye ofisi ya kata.

Wenzetu wa Njombe, Songwe na Rukwa, kwenu ilifika lini?