Mamake nyanya alifikaje Freretown: kwa manowari au kwa miguu?

Kitukuu wa Kisauni

Jamani, nimekwama. Mamake nyanya yangu alifariki 1951, na mama yangu, ambaye sasa ana miaka tisini na kitu na bado anachambua mchicha mwenyewe, aliishi naye nyumba moja tangu utotoni. Kwetu kuna hadithi mbili. Upande wa mjomba wanasema alikuwa mtoto ndani ya jahazi la watumwa, manowari ya Waingereza ikalikamata, akateremshwa Freretown, makazi ya misheni ya waliokombolewa utumwani, na kulelewa huko. Upande wa mama wadogo wanasema alitoroka shambani kule Takaungu akiwa na mamake, wakatembea usiku kwa usiku kuelekea Rabai, kituo kingine cha misheni, mamake akafia njiani. Kila upande unaapa. Kwenye matanga ya mwisho nusura warushiane viti.

Nilichonacho mkononi ni nakala ya ubatizo wake: Freretown, 1886, umri "kama miaka kumi". Pa majina ya wazazi pamepigwa mstari. Pembeni pameandikwa "Nyasa". Jina ni la Kizungu tupu, hakuna anayejua aliitwaje kabla.

Halafu kuna kitu ambacho hakimo karatasini. Mama anasema kwenye mdomo wa juu wa bibi huyo palikuwa na kitundu kilichokaribia kuziba, na akinywa uji alikuwa akipaziba kwa kidole. Akiulizwa alijibu "nilidungwa na mwiba", basi, mazungumzo yakaisha.

Nianzie wapi? Na tafadhali, msinipeleke kupima DNA kabla ya mengine yote.

Mzee wa Rabai

Mwanangu, hujakwama hivyo. Mwaka 1886 uutazame vizuri. Mwaka 1884 pwani yetu ilipigwa na njaa kubwa, na wazazi wengi wa Kimijikenda waliweka watoto rahani kwa nafaka kwa watu wa pwani wenye chakula. Wengine hawakukombolewa. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi asiye na wazazi daftarini huenda hakutoka mbali hata kidogo. Ningekwambia uanzie hapo, lakini hicho kitundu kinanikatalia. Sisi huku hatutobowi mdomo wa juu. Hilo lilikuwa pambo la wanawake wa kusini: Wamakonde, Wamakua, Wamwera, na wa huko ziwa Nyasa pia. Msichana alitobolewa angali mdogo, kisha kipini kikabadilishwa kikubwa zaidi kadiri alivyokua. Kikitolewa mapema, tundu hurudi kuziba. Huo mwiba wake kuna mtu aliyeudunga.

Lakini usikimbilie kusema "basi alikuwa Mnyasa". Wamisheni waliandika hivyo karibu kila aliyeletwa kutoka kusini, na watu wa pwani nao vivyo hivyo. Hilo neno la pembeni linakuonyesha njia ya Kilwa, walikopitishwa watumwa wa kusini, halikuonyeshi kijiji.

Na hadithi ya kutoroka usiitupe. Watoro waliojaa huku Rabai wengi wao walikuwa watu wa kusini hao hao, waliokuwa wakilima mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi. Tarehe 1 Januari 1889 Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aligawa hati za uhuru hapa Rabai, watu zaidi ya 1,400. Angalia ubatizo ulifanyika wapi, ndipo uone upande gani una nguvu. Freretown ilikuwa ng'ambo tu ya Mombasa, wenye watumwa wakiitazama. Mwaka 1880 walitishia kuivamia kwa sababu ya watoro, na misheni ikaingia woga. Mtoro mwenye akili alikuja huku kwetu, hakwenda kule. Mimi nikipewa kura, naipa manowari. Ila hiyo ni kura, si ushahidi.

Muuguzi wa Birmingham

Naungana na mzee. Mimi niko Uingereza, na nyaraka za CMS, chama cha misheni ya Kianglikana kilichoanzisha Freretown, ziko hapa hapa, maktaba ya Cadbury Research Library ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Kusoma ni bure, unajiandikisha na kuagiza mafungu mapema. Barua za misheni ya Afrika Mashariki kuanzia 1880 ziko chini ya namba G3 A5, za kabla ya hapo CA5. Watoto wakiletwa na manowari, msimamizi wa Freretown alilazimika kuandika London, maana kila mdomo mpya ulikuwa na gharama: nguo, mchele, mahali pa kulala. Hapo ndipo unapopata tarehe na jina la meli. Jina la mtoto mmoja mmoja ni bahati.

Ukishapata jina la meli, unahamia Kew, Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu la FO 84, ambalo ni mawasiliano ya Wizara ya Mambo ya Nje kuhusu biashara ya watumwa hadi 1892. Nakuonya kuhusu mwandiko. Kuna mmishonari mmoja anaandika kama kuku aliyekanyaga wino, nimemlaani mara nyingi.

Kitu kimoja: kwenye nakala yako kuna wasimamizi wa ubatizo? Na nani aliyembatiza? Watoto waliofika pamoja mara nyingi walibatizwa siku moja. Nakili majina yote ya siku hiyo, si la kwenu peke yake.

Bin Shangani

Na Zanzibar msiisahau. Majahazi mengi yaliyokamatwa yaliamuliwa hapa, kwa balozi wa Uingereza, kabla watoto hawajagawiwa misheni. Faili za ubalozi ziko Nyaraka za Taifa, Kilimani, mfululizo wa AA. Njoo na kalamu ya risasi na subira. Karatasi nyingine zimeliwa na mchwa, lakini wafanyakazi wanazijua vizuri, waulize.

Kitukuu wa Kisauni

Asanteni sana, na mzee wangu wa Rabai, shukrani za pekee. Nimeitazama tena ile nakala. Siku hiyo walibatizwa wasichana wanane, wote wamepigwa mstari pa wazazi, saba wameandikwa "Nyasa", mmoja "Yao". Nilikuwa nimeikata picha ikabaki na mstari wake tu.

Nimemuuliza mama kuhusu bahari. Anasema bibi huyo alivuka kwenda kisiwani kwa lile daraja la maboya la Nyali lililojengwa 1931, lakini mashua hakupanda katu, hata watu wakimcheka. Mjomba ameshaanza kujipigia makofi.

Mzee wa Rabai

Mwambie mjomba atulie. Mama yangu mzazi naye alikataa mashua maisha yake yote, na alizaliwa Ribe hapa jirani, hakuletwa na meli. Hao wasichana saba wengine ndio mali. Fuata ndoa zao. Freretown waliozana wenyewe kwa wenyewe, na mmoja wao lazima ana kitukuu anayejua kitu usichokijua wewe.

Muuguzi wa Birmingham

Nitumie kwa faragha tarehe kamili ya ubatizo na hayo majina manane. Wiki ijayo niko zamu ya usiku, mchana naweza kufungua barua za 1885 na 1886.